Kikao cha Mafundi au Kongamano la Watumiaji?

Programu za kompyuta za kutungia na kurekodia muziki zimeenea katika Afrika Mashariki, na pamoja nazo umeenea utaratibu ambao bado haujapata jina la Kiswahili lililotulia. Wanaofanya kazi kwa programu hizo hukutana mahali pamoja, husikilizishana walichokitengeneza, hufundishana, na baadaye huenda kwa kundi kutazama studio ya mwenzao aliyewatangulia. Katika makala haya tunakusudia kuyapima maneno yanayotumika kuwaitia watu kwenye shughuli hizo. Kipimo chetu ni Wingwi, Wilaya ya Micheweni, kaskazini mwa Pemba. Tumepachagua kwa sababu moja: istilahi isiyofahamika kwa watu waliozaliwa na Kiswahili kinywani haina haki ya kuitwa istilahi ya taifa.

Ili tusizungumze hewani, tumetunga matangazo mawili ya mfano kwa kufuata mitindo miwili inayotawala siku hizi. La kwanza ni hili: "Maprodyuza wote, Jumamosi kuna mitapu, tutashea biti na kuvamia studio." La pili ni hili: "Kongamano la Watumiaji wa Programu Tumizi za Muziki, litakalofuatiwa na ziara ya mafunzo katika studio."

Tangazo la kwanza lina uhai, lakini uhai huo ni wa wachache. Mpiga udi au mpiga nzumari wa makamo, ambaye sauti ya ala yake ndiyo hasa vijana wanayotaka kuitia katika kompyuta, hatajua kwamba naye ameitwa. Tangazo la pili lina adabu, lakini ni adabu ya ofisini. Atakayelisoma atauliza mgeni rasmi ni nani na posho ni kiasi gani. Hatakuja na kazi aliyoifikisha nusu akaomba wenziwe waikosoe. Hasara ya yote mawili ni moja. Mlio wa njuga za msewe na sauti ya nzumari huingia katika kompyuta bila ya wenyewe kuwapo, na huko hupewa majina na mtu asiyejua hupigwa lini wala kwa mahadhi gani. Kwa hiyo suala la jina si suala la mapambo. Jina ndilo linaloamua nani aingie na nani abaki nje. Natuyatazame maneno yenyewe.

(a) Mtumiaji. Neno hili ni sahihi kisarufi, lakini linamtaja mtu kwa uhusiano wake na bidhaa. Kwa kampuni inayouza programu, yeye ni mtumiaji. Kwa jirani zake yeye ni mtu mwenye kazi ya mikono na masikio. Aidha, siku hizi neno "watumiaji" likisimama peke yake masikio mengi hulimalizia kwa "dawa za kulevya", na mzazi wa Wingwi hatamruhusu mwanawe kwenda kwenye kongamano la namna hiyo kabla ya kuuliza maswali mengi. Kiswahili kina neno fundi, ambalo limebeba ujuzi, heshima na uwezo wa kufundisha. Tunaye fundi wa nguo, fundi wa majahazi, fundi mitambo wa redioni. Hatuoni kwa nini asiwepo fundi wa muziki wa kompyuta. Neno prodyuza libaki kwa yule anayesimamia kazi nzima ya kurekodi wimbo, kwani si kila fundi ni msimamizi.

(b) Jina la mkusanyiko. Kongamano ni mahali pa kusomwa mada. Semina na warsha zimekwisha kuzoeleka kuwa na mtoaji na wapokeaji, ilhali hapa kila mmoja hutoa na kila mmoja hupokea. Mkutano ni neno jema, ila tangu mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992 neno hilo likitangazwa kijijini bila ya maelezo huzua swali la "mkutano wa chama gani?" Baraza lingevutia, kwani barazani ndipo watu wa mwambao wanapozungumza bila ya haraka; lakini baraza la nyumba kwa desturi ni pahala pa wanaume, na muziki wa Zanzibar hauwezi kuzungumzwa bila ya wanawake. Tunaona kikao kinafaa zaidi. Kinatokana na kukaa, hakina jinsia wala chama, chaweza kuwa cha watu watano au hamsini, na kinaruhusu mtu akae na kazi yake mkononi.

Yafaa ikumbukwe kwamba watu wa Pemba hawaanzi leo kukutana kwa ajili ya ufundi. Kamange na Sarahani, malenga wa kisiwa hicho waliofariki mwanzoni mwa karne ya 20, walinoana kwa kujibizana mashairi. Wingwi yenyewe inajulikana kwa mchezo wa ng'ombe, ambao huenda pamoja na ngoma na nyimbo. Hakuna aliyewahi kuuita kongamano. Umeitwa kwa kile kinachofanyika, na kila mtu amefahamu.

(c) Studio na kuitembelea. Hapa pana utata ambao wengi hawajauona. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenziwe walivuka bahari hadi Bombay ili sauti zao zitiwe katika santuri. Studio ilikuwa pahala, na pahala hapo palikuwa mbali. Leo programu mojawapo inayotumiwa sana na vijana, iliyotoka Ubelgiji mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, inaitwa FL Studio. Kijana akisema "niko studio" huenda yumo katika chumba chenye kuta zilizozibwa mwangwi, na huenda amekaa chini ya mwembe na kompyuta mapajani. Tangazo likisema "tutaingia studio", msomaji hajui kama atapanda gari au atafungua kompyuta. Tunapendekeza studio iwe ni chumba, na kile kilichomo katika kompyuta kiitwe programu, hata kama mwenye kuiuza ameipa jina jingine.

Ama kitendo chenyewe, ziara ina mawili yanayoikwaza: imezoeleka kwa misafara ya viongozi, na katika nchi ya Waislamu inakumbusha kuzuru makaburi. Kutembelea kunatosha, maana kunaleta mara moja uhusiano wa mgeni na mwenyeji pamoja na adabu zake. Hata hivyo, adabu moja haina budi kubadilishwa wazi. Kwetu mgeni hupiga hodi, tena kwa sauti. Lakini hodi moja ikipigwa wakati wa kurekodi huharibu wimbo mzima. Mwenyeji awaeleze wageni mapema kwamba taa nyekundu ikiwaka mlangoni, kunyamaza ndiko kubisha.

(d) Kipaza sauti. Neno hili limepokewa vizuri, kama lilivyopokewa kinasa sauti, kwa sababu linaeleza kazi ya chombo kwa kitenzi ambacho watu walikuwa nacho. Kasoro yake ni kwamba limepewa vyombo viwili: kile kinachopokea sauti ya mwimbaji na kile kinachoitoa ukumbini. Hadharani kasoro hiyo husameheka. Ndani ya studio haisameheki, kwani chombo cha kwanza kikielekezwa kwenye cha pili, sauti huzunguka baina yao, hukua, na kuwa ukelele unaoweza kuumiza masikio. Mwenyeji atawaonyaje wageni wake ikiwa vyombo vyote viwili vina jina moja? Mafundi wamekwisha kuamua wenyewe: wanasema maiki na spika. Tunapendekeza maikrofoni, kwa ufupi maiki, ikubaliwe kwa chombo kinachopokea, na kipaza sauti kibakie kwa kinachotoa, spika ikiwa ni kisawe chake.

Mfano huo unatufikisha kwenye jambo kubwa zaidi. Utaratibu wa kuunda istilahi unajulikana: kwanza Kiswahili chenyewe pamoja na lahaja zake, kisha lugha za Kibantu, kisha lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho lugha za kigeni. Kwa Pemba hatua hiyo ya kwanza ina hazina. W. H. Whiteley alichapisha utafiti wake juu ya lahaja na mashairi ya kisiwa hicho mwaka 1958, na Baraza la Kiswahili la Zanzibar lilitoa kamusi ya lahaja ya Kipemba mwaka 2012. Lakini kamusi haipigi muziki. Jambo OpenOffice ilipotolewa kwa Kiswahili mwaka 2004 ilitupatia maneno ya barua na majedwali, kwa kuwa ilikuwa programu ya ofisini. Maneno ya sauti hayawezi kupatikana kwa njia hiyo hiyo. Yatapatikana pale fundi anapomwambia mpiga nzumari "rudia kipande hiki" na mpiga nzumari akamsahihisha kwa neno lake. Kikao na matembezi ya studio ni uwanja wa utafiti wa istilahi, na mkuza istilahi hana budi kukaa humo kama msikilizaji kabla ya kukaa ofisini kama mwamuzi.

Kwa muhtasari, tangazo letu tungeliandika hivi: "Kikao cha mafundi wa muziki wa kompyuta na wapiga ala, wanawake na wanaume. Jumamosi baada ya sala ya Alasiri. Kila mmoja aje na kazi yake, hata kama haijamalizika. Wiki itakayofuata tutatembelea studio. Taa ya mlangoni ikiwa nyekundu, hapapigwi hodi." Hakuna humo neno jipya hata moja.

Tunawaomba wasomaji wetu, hasa mafundi na wapiga ala wa Pemba, wayapinge au wayaunge mkono mapendekezo haya kwa mifano ya matumizi. Neno litakaloletwa na mifano ya watu walioonekana wakilitumia litapewa uzito kuliko lile lililotungwa mezani, pamoja na haya tuliyoyatoa sisi.