Gunia Katika Jumba la Picha

Mtu anapoonyeshwa picha, neno la kwanza limtokalo ni swali: "Hii ni picha ya nini?" Swali hilo ni la haki, nalo lilifaa kwa karne nyingi, maana kazi kubwa ya wachoraji wa Ulaya ilikuwa kuiga. Rangi ya mafuta ilijifanya hariri, ikajifanya maji, ikajifanya shavu la mtoto. Na yule aliyeweza kuyadanganya macho zaidi ndiye aliyesifiwa zaidi. Lakini Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, walitokea Ulaya wachoraji ambao kazi zao hukataa kulijibu swali hilo. Ukisimama mbele yake huoni mtu, wala mti, wala nyumba. Waona mchanga, lami, mbao zilizoungua na magunia. Katika insha hii nataka kupima kama kazi hizo zastahili heshima ziliyopewa, au kama ni hila tu ya watu walioshindwa kuchora.

Na tuanze na Alberto Burri. Alizaliwa mwaka 1915 katika mji wa Città di Castello, Italia, akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Perugia, akahitimu mwaka 1940. Vita vikampeleka Afrika ya Kaskazini akiwa tabibu wa jeshi. Mwaka 1943 alitekwa nchini Tunisia, akasafirishwa hadi Marekani, akawekwa katika kambi ya wafungwa wa vita ya Hereford, jimbo la Texas. Huko ndiko alikoanza kuchora, na kwa uhaba wa vifaa alichora juu ya kitambaa cha gunia. Aliporudi kwao mwaka 1946 aliuacha udaktari, akakaa Roma, akawa mchoraji. Kambini gunia lilikuwa chini ya rangi. Miaka michache baadaye, mjini Roma, gunia lilipanda juu ya rangi, likawa lenyewe picha.

Kazi hizo, alizozitengeneza kwa wingi tangu mwaka 1950 hivi, huitwa kwa Kiitaliano "Sacchi", yaani Magunia. Burri alitwaa magunia makuukuu yenye matobo na viraka, akayakata, akayaunga kwa uzi na gundi, akayatandaza juu ya turubai. Penye tundu, jicho hupenya na kukuta weusi au wekundu ulio chini. Majina ya picha hayasaidii kitu, kwa kuwa hutaja tu kilichomo: "Sacco e rosso" ya mwaka 1954, iliyomo katika hazina ya Tate mjini London, maana yake ni gunia na rangi nyekundu, basi.

Watu wengi walikasirika. Mwaka 1959 jambo hilo lilifika hata katika bunge la Italia, ambako liliulizwa swali juu ya "Grande Sacco", Gunia Kubwa la mwaka 1952, lililotundikwa katika jumba la taifa la sanaa ya kisasa mjini Roma. Tusimcheke aliyeuliza. Nchi iliyokuwa imetoka vitani juzi, ikajua njaa na magofu, ina haki ya kuuliza kwa nini kitambaa kikuukuu kitundikwe mahali pa heshima. Mwanafunzi naye ana haki ya kusema, "Hata mimi naweza kulitundika gunia ukutani."

Kwa huyo mwanafunzi jibu ni methali yetu: usione vyaelea, vimeundwa. Atafute chapa nzuri ya mojawapo ya Magunia hayo, aitazame polepole kama anavyotazama ramani. Ataona ya kuwa nyuzi za kipande kimoja zaelekea huku na za kipande cha pili zaelekea kule. Kwamba mfumo mzito umewekwa kando ya mfumo mwepesi ili kila mmoja umdhihirishe mwenzake. Kwamba mshono wapita kama mstari wa kalamu, wakati mwingine umenyooka, wakati mwingine umepotoka kwa makusudi. Kisha alifunike tundu moja kwa kidole. Mara picha yote italegea, kama hema lililong'olewa kigingi. Jambo hilo halitukii kwa bahati. Aliyelipanga gunia hili alipima uzito wa kila kipande kwa jicho, sawasawa na mchoraji wa zamani aliyepima mahali pa mwezi katika picha ya usiku.

Wako watetezi wa Burri ambao hutoa jibu jepesi zaidi. Husema: huyu alikuwa daktari wa vita, kwa hiyo gunia ni ngozi ya mwanadamu, mshono ni wa mpasuaji, na wekundu ni damu. Jibu hili lavutia, lakini mimi silikubali, wala Burri mwenyewe hakupendezwa na maelezo ya namna hiyo. Alikuwa mtu wa maneno machache sana juu ya kazi zake. Tukisema gunia ni mfano wa ngozi, tumerudi kule kule kwenye picha ya nini, na gunia nalo limelazimishwa kujifanya kitu kisicho gunia. Nguvu ya kazi hii ni kwamba haijifanyi. Gunia ni gunia. Lilichukua nafaka au sukari, likachanika, likatiwa kiraka na mkono usiojulikana ili lifanye kazi tena. Katika "SZ1" ya mwaka 1949 mna kipande cha gunia chenye alama za bendera ya Marekani, iliyoleta misaada katika Ulaya yenye njaa. Umaskini wa miaka ile haukuchorwa hapo. Umo wenyewe ndani ya nyuzi.

Hata hivyo, si kila aliyetwaa vitu vizito alifaulu sawasawa, na kazi ya mhakiki ni kupambanua. Wakati Ufaransa ilipotawaliwa na Wajerumani, mchoraji Jean Fautrier alijificha katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Châtenay-Malabry, karibu na Paris. Katika msitu wa jirani wafungwa walipigwa risasi. Kutokana na hayo alitengeneza picha zilizoitwa "Otages", yaani Mateka, zilizoonyeshwa Paris mwaka 1945. Alirundika lipu nzito juu ya karatasi mpaka ikawa kama kichwa kisicho na uso, kisha akapitisha rangi juu yake. Mwandishi André Malraux, aliyeandika dibaji ya maonyesho hayo, alitia shaka juu ya waridi na kijani kibichi cha picha hizo, rangi laini kupita kiasi kwa habari ya kifo. Nami naona shaka hiyo ina msingi. Lipu yasema jambo moja na rangi yasema jingine. Katika baadhi ya picha hizo huzuni imepakwa poda. Hatari ya sanaa hii ni hiyo: kitu kilicholetwa kiwe shahidi huishia kuwa pambo.

Antoni Tàpies wa Barcelona, aliyezaliwa mwaka 1923, aliikwepa hatari hiyo kwa njia yake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, kati ya mwaka 1936 na 1939, vilimkuta angali kijana. Jina la ukoo wake, katika Kikatalani, maana yake ni kuta; na kazi zake ni kuta kweli. Alichanganya rangi na vumbi la marumaru, akaupaka mchanganyiko huo kwa unene, akaukwaruza na kuutoboa. Hakuchora ukuta, aliujenga. Katika nchi ambamo utawala wa Franco uliyachuja magazeti, ukuta uliokwaruzwa haukuhitaji maelezo marefu.

Mtihani mkubwa kuliko yote ulimfikia Burri uzeeni. Mwezi wa Januari 1968 tetemeko la ardhi liliubomoa mji mdogo wa Gibellina katika kisiwa cha Sicilia. Waliosalia walijengewa mji mpya mbali na pale. Katika miaka ya 1980 Burri aliombwa kutengeneza kazi kwa ajili ya mji mpya, lakini yeye aliyachagua magofu. Vifusi vilikusanywa na kufunikwa kwa saruji nyeupe, mabonge makubwa yaliyo karibu kimo cha mtu, na kati yake zikaachwa njia zifuatazo mitaa ya zamani. Kazi ilisimama mwaka 1989, ikakamilishwa mwaka 2015, miaka 20 baada ya kifo chake. Ukiitazama kutoka mlimani huonekana kama udongo uliopasuka kwa kiangazi.

Mtu aweza kulalamika kwamba saruji imezika nyumba za watu mara ya pili. Lalamiko hilo si dogo, kwa maana aliyezaliwa pale hawezi tena kukiona kizingiti cha mama yake. Lakini aweza kutembea katika mtaa wake, akakunja kona alipozoea kukunja, akasimama palipokuwa na mlango. Sanamu ya shaba ingalimwonyesha jinsi mtu mwingine alivyouwaza msiba wake. Hapa vifusi vya nyumba yake vimo ndani ya kazi yenyewe, na njia ni yake.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Picha za namna hii zastahili heshima pale tu ambapo kitu kilichotumika kina habari yake cha kusimulia, na mkono uliokipanga umeiacha habari hiyo isikike. Gunia la Burri limetimiza masharti yote mawili. Tukutanapo nalo, na tuliache kwanza swali la picha ya nini, tuulize kitu hiki kimetoka wapi, na kimetendwa nini.