Moshi juu ya vilima vya Kisii: risasi nzito ya polepole mwaka 1914

Anayekuja Kisii kwa barabara ya Kisumu hupita Nyakoe karibu na kufika mjini. Kuanzia hapo ni kilima na bonde, kilima na bonde, migomba ikifuatana na majani chai. Mtu wa bunduki akisimama kwenye mgongo wa kilima chochote hapa hukutana na tatizo moja: kilima cha pili kinaonekana kipo hapo tu, kumbe miguu ndiyo inayojua ukweli. Macho hudanganya kwa mita mia bila haya. Tulikumbuke jambo hilo, maana ndilo lililoamua thamani ya risasi zilizopigwa katika nchi hii ya Abagusii tarehe 12 Septemba 1914.

Kisa chenyewe ni kifupi. Vita Vikuu vilikuwa havijatimiza miezi miwili. Kikosi cha Wajerumani kilitoka upande wa Mwanza, kikavuka mpaka na kuingia mji wa Kisii bila kupingwa, kwa sababu maofisa wa Kiingereza walikuwa wamekwisha kuondoka. Kilikuwa na askari Waafrika, Wazungu makumi kadhaa, bunduki za rashasha na mzinga mdogo. Waingereza wakapeleka askari wa King's African Rifles, KAR, chini ya Kapteni Thorne. Walitoka upande wa ziwa, wakashika vilima vinavyoutazama mji na kuanza kupiga chini. Thorne aliuawa siku hiyo. Hadi mwisho wa mapambano pande zote mbili zilikuwa zimejiondoa, kila mmoja akienda alikotoka, na mji ukabaki bila mwenyewe. Wenyeji hawakuchelewa: maduka, ofisi za serikali na misheni za jirani ziliporwa. Waingereza waliporudi walilipiza kwa kuchukua ng'ombe na kuwakamata vijana kwa kazi za nguvu. Katika kumbukumbu za Kisii adhabu hiyo ina uzito kuliko vita vyenyewe, na ni haki yake.

Hapa lakini nataka kuangalia chuma, baruti na risasi.

Vita vilipoanza, kampuni nyingi za Schutztruppe, jeshi la Kijerumani la Afrika Mashariki, zilikuwa bado zinabeba bunduki ya Mauser ya 1871, hasa aina fupi iliyoitwa Jägerbüchse. Huko Ujerumani kwenyewe bunduki hiyo ilikuwa imepitwa tangu 1888. Ilichukua risasi moja kwa wakati: fungua, toa ganda, tia lingine, funga. Kipenyo cha mtutu kilikuwa milimita 11. Ndani ya ganda kulikuwa na baruti nyeusi gramu 5 hivi, na kichwa cha madini ya risasi cha gramu 25, kisicho na koti la shaba wala la chuma. Kilitoka mtutuni kwa mwendo wa mita 440 kwa sekunde, au pungufu kidogo kwa mtutu ule mfupi.

Upande wa pili kulikuwa na bunduki ya .303, kipenyo kisichofika milimita 8. Hata risasi yake ya zamani, Mark VI, ilikuwa na kichwa cha gramu 14 kasoro kidogo, kilichovikwa koti la aloi ya shaba na nikeli, na mwendo wa mita 628 kwa sekunde.

Kwa nini ile ya kwanza iende polepole? Si kwamba Wajerumani wa 1871 hawakutaka kasi. Madini ya risasi ni laini mno. Ndani ya mtutu kuna mifereji ya kuzunguka inayokishika kichwa cha risasi na kukizungusha kisiyumbe hewani. Ukikisukuma kichwa laini kwa nguvu nyingi, mifereji haikishiki tena, inakikwangua tu. Kinapita bila kuzunguka vizuri na kuacha ukoko wa risasi umeganda kwenye chuma. Baada ya hapo bunduki inatawanya ovyo. Anayetumia kichwa kisicho na koti ana njia tatu za kusogeza mpaka huo wa kasi: kukifanya kigumu kwa kuchanganya bati na antimoni, kukipaka mafuta, au kukitenga na chuma kwa kitu kingine. Mauser walichagua karatasi. Kichwa kilizungushiwa karatasi nyembamba, na nyuma yake kikawekwa kipande cha nta ya nyuki kulainisha masizi ya baruti. Karatasi ilikatwa na mifereji na kudondoka baada tu ya kutoka mtutuni. Ni ufundi wa kupendeza, na wanaojitengenezea risasi za mwendo mdogo huko Marekani hadi leo wanarudia mawazo hayohayo. Hapa nyumbani sheria ya silaha haiachi nafasi ya mchezo huo.

Ulaini nao una faida yake. Baruti inapolipuka, kitako cha kichwa huvimba kidogo na kuziba mtutu, gesi isipenye pembeni. Ndiyo maana kiwanda kiliweza kutengeneza vichwa bila usahihi wa kinyozi, na bado bunduki ikapiga vizuri. Hata kalibu haikuhitaji chuma: Wamarekani wa zamani walichonga kalibu za risasi kwenye jiwe la sabuni, jamaa ya lile linalochimbwa Tabaka, hapa Kisii, kwa ajili ya vinyago, kwa kuwa linastahimili joto na kisu kinalikata.

Sasa turudi kilimani. Hesabu ya darasani, tukiusahau upinzani wa hewa, inatosha. Askari ameweka kilengeo chake kwa mita 300, lakini adui yuko mita 400. Katika vilima hivi hilo si kosa la mjinga, ni kosa la kila mtu. Risasi ya 71 itaanguka mita moja chini ya alipolenga. Ile ya .303 itaanguka nusu mita. Waliolenga kifua, mmoja atapiga muundi au udongo, mwingine atapiga paja. Ukirudisha hewa kwenye hesabu, namba zote mbili zinakua. Kwa hiyo mwendo mdogo unamdai mpigaji ajue umbali, na Kisii ni nchi inayoficha umbali.

Wengi huishia hapo wakisema bunduki ya 71 ilishindwa kwa uzembe wa kasi. Mimi sikubali. Katika mita mia moja, vichakani au kati ya nyumba, kosa hilo la kukadiria halina maana, na gramu 25 za risasi laini zinazogonga mwili hufanya jeraha la kutisha kuliko risasi nyembamba yenye koti, ambayo mara nyingi hupenya na kuendelea na safari. Azimio la The Hague la 1899 lilipiga marufuku risasi zinazotanuka kwa urahisi mwilini, lakini mfano lililoutaja ulikuwa risasi zenye koti lisilofunika kote, na hii haikuwa na koti hata kidogo. Nguvu yake mtutuni ilikuwa zaidi ya jouli 2,400. Ya Mark VI ilizidi 2,700. Tofauti hiyo si ya kumfanya mtu atupe bunduki.

Lililoiangusha ni moshi.

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti, kwa kawaida sehemu 75, 15 na 10 katika mia. Inapoungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi. Hubaki chembe ngumu za chumvi za potasiamu. Nusu ya kazi inapotea, na nusu hiyo inatoka mdomoni mwa mtutu kama wingu jeupe. Askari mmoja akipiga, adui anaona mahali alipo. Kikosi kikipiga, kinajichorea mstari wa moshi mbele yake na hakioni tena kinachokipiga. Ongeza hewa ya Kisii, yenye unyevu karibu mwaka mzima, ambamo wingu kama hilo halina haraka ya kuondoka. Aliye kilimani na .303 hakuhitaji hata kumwona mtu. Alipiga chini ya wingu. Na yeye mwenyewe, kwa baruti isiyo na moshi, alionekana kwa shida. Mfaransa Paul Vieille alikuwa ameivumbua baruti ya namna hiyo mwaka 1884, na bunduki ya Lebel ya 1886 ikaibeba. Katika miaka thelathini silaha iliyopitwa ilikuwa imehama kutoka Ulaya hadi mikononi mwa askari wa Kiafrika. Mkoloni wa Kijerumani alimwamini askari wake kwa maisha yake, kwa bunduki mpya hakumwamini.

Ndipo .303 inapokuwa na historia ya kuchekesha. Ilipoanza mwishoni mwa miaka ya 1880 nayo ilijazwa baruti nyeusi, iliyobanwa kama tofali ndani ya ganda, kabla ya kordaiti, baruti isiyo na moshi, kuchukua nafasi yake. Kipenyo kidogo kilitangulia, kasi ikafuata. Kwa muda Waingereza walikuwa na bunduki ya kisasa inayotoa moshi wa babu zao.

Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alilijua tatizo la moshi na aliliandika bila kificho katika kumbukumbu zake. Dawa aliipata kwa adui. Katika vita vya Tanga, tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914, Waingereza waliacha ufukweni bunduki za kisasa za kutosha kampuni kadhaa, rashasha 16 na risasi takriban 600,000. Kampuni zilizokuwa na 71 zikabadilishiwa. Lakini risasi huisha, na Waingereza walikuwa wameifunga bahari.

Aprili 1915 meli Rubens, iliyojifanya ya Kidenmaki kwa jina la Kronborg, ilifika ghuba ya Manza kaskazini mwa Tanga ikifukuzwa na manowari HMS Hyacinth. Nahodha wake, Carl Christiansen, aliifikisha kwenye maji mafupi, ikapigwa na kuungua, na Waingereza wakaondoka wakidhani imekwisha. Haikuwa imekwisha. Shehena ya risasi ilikuwa chini, imelowa maji ya chumvi. Ilitolewa, na ikaanza kazi ya kuzifanya upya kwa mkono: kung'oa kichwa, kumwaga baruti, kukausha, kusafisha ganda, kujaza tena.

Mtu wa 71 asingeweza kufanya hivyo. Shura huyeyuka majini. Baruti nyeusi ikilowa bahari, kinachobaki ni tope la makaa na kiberiti. Baruti isiyo na moshi, ya selulosi iliyotiwa naitriki, haiyeyuki majini. Ikikaushwa vizuri inaungua karibu kama zamani. Kilichoharibika ni fataki ndogo kwenye kitako cha ganda, ile inayogongwa na pini. Mchanganyiko wake wa wakati ule ulikuwa na kloreti ya potasiamu, nayo ni chumvi, inakwenda na maji. Kwa hiyo ganda lililofanywa upya lilikuwa na baruti nzuri na kiwashio cha mashaka. Kwenye bunduki ya mkono, risasi ikikataa kulipuka, askari anavuta bolti na kuendelea. Kwenye rashasha, moja ikikataa, mashine yote inanyamaza hadi mtu aifungue kwa mkono, huku wenzake wakipigwa. Uchambuzi wa risasi zipi ziende wapi ukawa kazi nyingine.

Lettow-Vorbeck alisalimisha jeshi lake Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Aliorodhesha alichokabidhi: rashasha 37, risasi 208,000, na bunduki 1,071, zote za Kiingereza na za Kireno. Ya 71 haikuwamo hata moja.