Kinanda Kijipigacho na Muziki wa Hip-hop

Katika makanisa mengi ya nchi zetu siku hizi kimo kinanda cha umeme cha namna ya pekee. Mpigaji hubonyeza sauti tatu kwa mkono wa kushoto, na mara ngoma, besi na gitaa hulia zenyewe kumfuata. Mkono wa kuume wabaki na wimbo. Wako vijana wakipigao Jumapili ambao siku nyingine hukitumia kutungia hip-hop. Wako na wasemao kwamba nyimbo hizo si kitu, maana zimetungwa na mashine. Neno hili yafaa lipimwe, kwa kuwa laweza kuwavunja moyo wengi wasio na chombo kingine.

Kwanza na tutazame asili. Hip-hop huhesabiwa tangu tarehe 11 Agosti 1973, katika Bronx, mji wa New York, ambako DJ Kool Herc, mzaliwa wa Jamaica, alipiga santuri katika karamu ya dada yake. Huyu Herc alitambua kwamba wachezaji hungojea kile kipande kifupi ambapo waimbaji hunyamaza na ngoma hubaki peke yake. Akawa akitwaa santuri mbili zilizo sawa na kukirudia kipande hicho kwa zamu, hata kikawa kirefu. Hakupiga ngoma wala gitaa. Ufundi wake ulikuwa kuchagua, kukata na kurudia. Basi asemaye kwamba kutumia sauti zilizokwisha kufanywa na wengine si ufundi, ameikata hip-hop shinani.

Tena uko mfano wa kinanda chenyewe. Mwaka 1981 kampuni ya Casio ya Japani ilitoa kinanda kidogo kiitwacho MT-40. Midundo yake ilitungwa na Okuda Hiroko, mwanamke aliyekuwa ameandika juu ya reggae alipokuwa chuoni. Huko Jamaica, Wayne Smith na Noel Davey waliukuta mmoja wa midundo hiyo, na King Jammy akaupunguza mwendo. Ndipo ulipotoka wimbo "Under Mi Sleng Teng" wa mwaka 1985, na waimbaji wengi wakatunga nyimbo zao juu ya mdundo uo huo. Huo ni muziki wa Jamaica, jamaa ya hip-hop, lakini fundisho ni moja: watu wale hawakuupokea mdundo kama ulivyotoka kiwandani. Waliugeuza mwendo, kisha wakautilia maneno yao.

Hapo ndipo lilipo kosa la nyimbo nyingi za vijana wetu. Kijana hubonyeza kitufe chenye jina la hip-hop, akaacha vyombo vyote vilie pamoja tangu utangulizi wa mashine hata mwisho wa mashine. Zeze zajaa, tarumbeta zajaa, na yule mwenye kughani hasikiki. Hip-hop husimama juu ya maneno, nayo maneno yataka nafasi. Wazee walisema, ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka.

Dawa yake si ngumu. Vinanda vingi vyaweza kunyamazishwa chombo kimoja kimoja. Basi zeze na gitaa vinyamaze, zibaki ngoma na besi. Hata kilicho cha bei nafuu huweza kuachwa kipige ngoma tu, mkono wa kushoto ukapiga besi wenyewe. Mwendo uwekwe karibu na vipigo 90 kwa dakika, ili ulimi upate kutamka. Sauti zisibadilishwe mara nyingi kama katika tenzi za kanisani. Moja au mbili zatosha kwa ubeti mzima. Mkono wa kuume upige kipande kifupi cha kujitungia, ukirudierudie. Na beti linapofika penye neno zito, ngoma na ikome kitambo, neno lisimame peke yake.

Kwa hiyo kijana asilaumiwe kwa ajili ya chombo alicho nacho. Na aulizwe maneno mawili: Umeondoa nini? Umetia nini? Akikosa jibu, wimbo ni wa kiwanda. Akiwa nalo, wimbo ni wake, nasi yatupasa kumsikiliza kama tumsikilizavyo mtunzi mwingine ye yote.