M*A*S*H: Kicheko Kilichoishia Mlangoni

Tamthilia ya Marekani ya M*A*S*H ilianza kuonyeshwa na kituo cha CBS Septemba 1972, ikafungwa Februari 28, 1983. Inahusu madaktari na wauguzi wa hospitali ya jeshi iliyopigwa mahema karibu na mstari wa mbele, katika Vita vya Korea. Wanataniana, wananyweshana pombe ya kujitengenezea, mara helikopta zinashusha majeruhi. Tamthilia hiyo iliwezaje kuchekesha mahali pa kufia watu bila kuwadhihaki wanaokufa? Kwa maoni yangu, jibu kubwa liko kwenye sauti.

Enzi hizo CBS ilitaka kila kichekesho kibandikwe kicheko cha kurekodiwa, hata kama hapakuwa na hadhira. M*A*S*H ilipigwa kwa kamera moja, kama filamu, na watayarishaji wake, Larry Gelbart na Gene Reynolds, hawakukitaka kabisa kicheko hicho. Yakafikiwa maafikiano: kicheko kiwepo kambini, lakini kisiingie chumba cha upasuaji.

Sharti hilo lilizaa mbinu. Hemani, daktari mpasuaji Hawkeye akitoa mzaha, kicheko kinaitika. Ndani ya upasuaji anatoa mzaha uleule huku mikono imezama tumboni mwa askari, na hakuna anayecheka. Barakoa imemfunika mdomo; mwigizaji, Alan Alda, amebakiwa na macho na sauti tu. Hapo mtazamaji anang'amua kuwa utani ule ni wa mtu anayejizuia asivunjike.

Faida ya mbinu hiyo ilionekana Machi 1975, katika kipindi cha kumuaga Henry Blake, mkuu wa hospitali aliyeruhusiwa kurudi nyumbani. Kipindi kizima kina vicheko vya kuagana. Kisha Radar, karani wake, anaingia chumba cha upasuaji bila barakoa na kusoma ujumbe: ndege ya Blake imetunguliwa juu ya Bahari ya Japani, hakuna aliyenusurika. Waigizaji wengi hawakupewa ukurasa huo mpaka siku ya kuupiga. Tazama wanachofanya wahusika baada ya habari hiyo: wanaendelea kushona. Majeruhi yuko mezani, hakuna nafasi ya kulia. Kwa kuwa chumba hicho kilizoeleka kuwa kimya, mwongozaji hakuhitaji muziki wa kuchochea machozi.

Baadaye watengenezaji wa tamthilia walithubutu zaidi. Mwaka 1976 walitoa kipindi cha picha nyeusi na nyeupe, mwandishi wa habari akiwahoji wahusika, bila kicheko hata kimoja. Mwaka 1978 kamera ikawa macho ya askari aliyejeruhiwa koo, asiyeweza kusema. Mwaka 1979 saa iliwekwa kwenye kona ya skrini, ikihesabu dakika za kumwokoa mgonjwa mmoja. Nchini Uingereza, BBC iliirusha tamthilia hiyo bila vicheko, na bado ilipendwa.

Vichekesho vyetu vingi, kinyume chake, hubandikwa milio na vicheko kila sentensi ya pili, hata msibani. Mhariri wa sauti, kabla hujabandika, amua kwanza ni eneo gani la hadithi yako ambalo kicheko hakiruhusiwi kuingia, kisha lilinde kuanzia kipindi cha kwanza. Ukifanya hivyo, siku hadithi ikidai machozi, mtazamaji atakuamini.