Sifa za Kitanda cha Garini

Katika jumla ya kazi za useremala zilizozaliwa na haja za zama zetu, ipo moja ambayo haijapata bado taadhima inayoistahiki, nayo ni kazi ya kujenga, ndani ya gari la safari, jukwaa la mbao ambalo juu yake mtu hulala usiku, na chini yake droo mbili au tatu huhifadhi chakula, vyombo, nguo na zana. Seremala wa nyumbani hutengeneza kitu kitakachosimama mahali pamoja aushi yake yote. Kabati lake likishaegemezwa ukutani, adui zake ni unyevu na mchwa. Seremala wa garini hutengeneza samani yenye mabwana wawili: mchana huutumikia mwendo, kwa hiyo haina ruhusa ya kusogea hata kiasi cha unywele, usiku huutumikia usingizi, kwa hiyo haina ruhusa ya kutoa hata mlio mmoja mtu anapojigeuza. Kuwaridhisha mabwana hao kwa mbao zile zile na parafujo zile zile ndiko kunakonifanya niihesabu kazi hii miongoni mwa sanaa.

Aliyepata kuipita barabara ya vumbi ishukayo kutoka ukingo wa Ngorongoro kuelekea lango la Naabi katika Serengeti anajua ninachosema. Uso wa njia ile umejikunja kama bati la paa, na gari hutetemeka mfululizo kwa muda mrefu hata msumari uliopigwa kwa pupa huanza kujitoa wenyewe katika ubao. Naye aliyelala katika kambi ya Simba, juu ya ukingo uliopita m 2,000 kutoka usawa wa bahari, anajua baridi inavyopenya turubai la hema kabla ya alfajiri; na aliyesafiri wakati wa masika katika udongo mweusi wa mbuga, ambao ukilowa humeza kigingi cha hema na kiatu cha mwenye hema, hahitaji kushawishiwa kwamba kulala juu ya sakafu ya gari, mlango umefungwa na miguu imekauka, ni neema kubwa.

Nasaba ya kazi hii ni ya heshima. Makasha yaliyoletwa pwani yetu na majahazi kutoka Surat na Bombay, yenye njumu za shaba na aghalabu droo tatu chini yake, yalikuwa tayari ni samani za mwendo: nahodha aliweka humo nyaraka, fedha na nguo, akajua kwamba dhoruba haitamwaga kitu. Katika zama za gari, mfano ninaouheshimu kuliko yote ni wa Gunther Holtorf, Mjerumani aliyeanza mwaka 1988 kuzunguka dunia kwa gari la Mercedes-Benz 300 GD, akaendelea hadi mwaka 2014 akiwa amekwenda karibu km 900,000 katika nchi zaidi ya 170. Yeye na mkewe Christine, aliyefariki mwaka 2010, walilala nyuma ya gari hilo kwa miaka mingi, juu ya godoro, na mali yao yote ya safari wakiwa nayo humo humo. Gari lenyewe limewekwa katika makumbusho ya kampuni hiyo mjini Stuttgart. Watazamaji wengi, nadhani, husifu injini. Mimi ningependa wainame watazame pale nyuma, maana injini iliwafikisha, lakini kitanda ndicho kilichowawezesha kuamka na kuendelea.

Kazi huanza kwa kupima, na hapo ndipo wengi waliozoea kutengeneza meza na milango hupata mtihani, kwa kuwa tumbo la gari halina pembe mraba hata moja. Ubavu umeinama, dari imejikunja, sakafu ina mteremko, na magurudumu yamefunikwa kwa matumbo ya chuma yanayochomoza ndani. Futi ya chuma peke yake haisaidii. Fundi mwenye subira hukata kiolezo cha boksi, akakisogeza, akakipunguza kwa kisu, akakiongeza kwa gundi ya karatasi, mpaka boksi lile liwe limekubali kila pindo la gari. Kisha ndipo hukilaza juu ya ubao na kuchora. Baada ya hapo huja hesabu ya kimo, ambayo ndiyo hesabu chungu. Tuseme toka sakafu hadi dari pana sm 110. Mtu aliyeketi wima huhitaji takriban sm 90. Godoro la sponji lichukue sm 6, na ubao karibu sm 2. Kilichobakia kwa droo ni sm 12, kimo kisichotosha hata sufuria ya ugali. Hapana budi kuchagua: ama kuketi wima kitandani, ama kuwa na droo zenye faida. Kwa maoni yangu, droo zipewe haki yao, sm 20 au zaidi kidogo, na msafiri akitaka kuketi aketi nyuma ya gari, chini ya kivuli cha mlango ulioinuliwa. Mtu huingia kitandani kwa kulala.

Mbao ziteuliwe kwa uzito kabla ya uzuri. Ubao mmoja wa plaiwudi wa futi nane kwa nne, wenye unene wa mm 18, una uzito uliopita kilo 30, na jukwaa lenye droo hula mbao mbili au tatu za namna hiyo kabla maji na chakula havijapakiwa. Kwa sababu hiyo fundi mwenye busara hutumia mm 18 pale tu mwili unapolala na mm 12 kwingineko, au hutoboa madirisha katika mbao za ndani, ambazo kazi yake ni kusimama tu. Mninga ni mti ninaoupenda mno, kwa rangi yake na utulivu wake hewa inapobadilika, lakini garini ningeutumia katika nyuso za droo peke yake, mahali pa kuonekana na kushikwa.

Lakini ustadi wa fundi hudhihirika bila pazia katika droo. Reli za chuma ziendazo kwa gololi, ziuzwazo jozi jozi madukani, aghalabu huwa na unene wa mm 12.7 kila upande, yaani nusu inchi kamili. Basi sanduku la droo halina budi kuwa jembamba kuliko tundu lake kwa mm 25 na nukta. Likizidi kwa mm mbili, litakwama. Likipungua kwa mm tatu, reli zitachezacheza, na siku moja gololi zitamwagika njiani. Hata vipimo vikiwa sahihi, sanduku lililokwenda pogo halitakwenda. Ndiyo maana kabla gundi haijashika fundi hupima ulalo kutoka kona hadi kona, akapima na ulalo wa pili, na vipimo hivyo viwili visipolingana hulibana sanduku kwa jiriwa mpaka vilingane. Tena hutoboa kwanza kwa keekee nyembamba kila mahali pa parafujo, maana parafujo ikisukumwa kwa nguvu katika ukingo wa plaiwudi hupasua tabaka, na tabaka zilizopasuka hazishiki kitu. Kazi hii yote hufichika droo ikishafungwa, wala hakuna mgeni atakayeisifu. Lakini mtetemeko wa barabara huikagua kila siku, nao haudanganyiki.

Wako mafundi wasiotumia reli kabisa. Huziendesha droo juu ya vipande vya mti mgumu vilivyosuguliwa nta ya nyuki, kama walivyofanya wazee, na nakiri kwamba moyo wangu uko upande wao: vumbi halina gololi za kusaga, uzito wa chuma huepukwa, na bei hushuka. Kasoro yake ni kwamba droo kama hiyo haiwezi kuvutwa yote nje bila kuanguka, basi vitu vya nyuma hupatikana kwa kunyoosha mkono. Kwa njia yoyote, komeo ni faradhi. Gari likipanda mlima, droo isiyo na komeo hugonga mlango wa nyuma kwa uzito wake wote, na mlango ukifunguliwa humwangukia aliyeufungua.

Jukwaa zima nalo lifungwe kwa bolti katika matundu ya chuma ambayo kiwanda kiliyatengenezea viti na mikanda, kwa sababu gari likipata ajali au likifunga breki kwa ghafla, mzigo uliolegea husonga mbele kwa nguvu iliyo mara nyingi ya uzito wake, na mbele wamekaa watu. Vitu vizito, kama dumu la maji na betri, viwekwe chini kabisa na karibu na katikati ya gari. Dirisha liachwe wazi kidogo usiku, limewambwa wavu wa mbu, ili pumzi za waliolala zisigeuke maji ya kudondoka toka darini. Na jiko lisiwashwe ndani kwa hali yoyote, kwani hewa ya sumu itokayo katika moto haina harufu.

Katika nchi zetu gari la safari ni pia gari la jamaa, la magunia, la harusi na la msiba, kwa hiyo jukwaa lililo bora hujengwa kwa nusu mbili, kila nusu ikiwa ya kiasi cha kubebwa na watu wawili, na hufungwa kwa nati zenye masikio zinazokazwa kwa vidole. Zikifunguliwa, viti vya nyuma hurudi mahali pake. Nusu hizo ziwekwe mahali pakavu, na droo zake zitolewe ziwekwe kando, ili mbao zisipinde kabla hazijahitajiwa tena.