Fremu Mbili

Filamu ya onyesho la muziki huanza kutengenezwa upya wanamuziki wakishakunja nyaya zao. Hapa Makutano, mjini Meru, pale barabara ya Maua inapoachana na ya Nanyuki, mhariri mmoja hupokea kadi za kumbukumbu za kamera nne pamoja na faili za sauti kutoka kwa fundi wa mitambo. Hana haraka ya kukata. Kwanza hunakili kila kitu kwenye diski mbili, hulinganisha ukubwa wa faili, kisha huandika daftarini: kamera ya kushoto, ya kulia, ya mkononi, ya nyuma ya ukumbi. Safari hii ni bendi ya roki: magitaa mawili, besi, dramu na mwimbaji, kila sauti imerekodiwa peke yake.

Halafu inakuja kazi ya kuoanisha picha na sauti, na hapo ndipo ninapomstahi zaidi. Kompyuta inaweza kulinganisha mawimbi ya sauti na kuzipanga kamera zote kwa muda mfupi. Huiachia ifanye hivyo, kisha hukagua. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Video ikiwa ya fremu 25 kwa sekunde, katika fremu moja sauti hufika mita 14 hivi. Kwa hiyo kamera iliyosimama mita 28 kutoka jukwaani huona fimbo ikigonga ngoma, na mlio wake huifikia fremu mbili baadaye. Kompyuta hufuata mlio, ikaitanguliza picha. Mtazamaji hatajua kasoro iko wapi, ila atahisi mpiga dramu amelegea.

Basi mhariri husogeza fremu moja moja. Fimbo ikienda kasi huonekana kama ukungu tu, kwa hiyo hutafuta toazi: fremu ile ya kwanza ambapo ukingo wake unainama. Huko ndiko anakoliweka pigo. Hurudia mwanzoni, katikati na mwishoni mwa kila wimbo, maana saa ya kamera na saa ya kinasa sauti haziendi sawa kabisa, na katika onyesho refu tofauti hiyo hukua.

Akishamaliza, huitazama kila kamera mwanzo hadi mwisho, pasipo kukata chochote. Mwongozaji Jonathan Demme alipoirekodi bendi ya Talking Heads mjini Los Angeles, Desemba 1983, kwa filamu ya Stop Making Sense, aliwaacha wanamuziki wakae machoni petu muda mrefu, na mashabiki hawaonekani sana mpaka karibu na mwisho. Mhariri wetu ana imani hiyohiyo: gitaa likianza kuongea, vidole vinabaki kwenye skrini mpaka sentensi ya muziki iishe.

Uvumilivu wa kazi hii unaweza kuchukua miongo mizima. Tamasha la Zaire 74 lilirekodiwa Kinshasa mnamo Septemba 1974, James Brown na Miriam Makeba wakiwa jukwaani. Soul Power, filamu ya Jeffrey Levy-Hinte iliyotokana na picha hizo, ilionyeshwa Toronto mwaka 2008.

Hapa Makutano, mpiga dramu alipita jioni moja kutazama. “Dada, hapo nimekosea. Si unitolee?” Mhariri alimrudishia kipande hicho kupitia kamera ya mkononi: mpiga besi amesikia kosa, amegeuka, anacheka, na wimbo unashika kasi. Kijana akakubali libaki.

Rangi mhariri alizisawazisha kwa siku kadhaa, kwa sababu taa nyekundu za jukwaani hufuta nyuso. Kabla ya kuonyeshwa hadharani, filamu hupelekwa kwa Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya. Kabla ya hapo aliisikiliza kwenye spika kubwa, kwenye televisheni, mwishowe kwenye simu, kwa kuwa wengi wataitazama simuni. Besi ilikuwa imepotea. Alirudi kwenye faili ya chombo hicho, akaongeza sehemu ya juu ya sauti yake, pale kidole kinapokwaruza uzi, akashusha gitaa kidogo, akasikiliza tena kwa simu ileile.