Siku za Mwizi na Miaka ya Mfungwa: Urefu wa Kifungo katika Maandishi ya Uhalifu

Kila ujambazi wa bunduki unapozidi mjini Nairobi, hoja moja hurudi: vifungo virefushwe, ili aliyezoea kupora na kuua akomeshwe, na siku atakapotoka asirudie kosa. Hoja hii ni ya wanasheria, lakini fasihi nayo imeisema, mara nyingi bila kukusudia. Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi maandishi ya uhalifu ya Afrika Mashariki, na hasa kazi za John Kiriamiti, yanavyolitazama jambo hilo. Itaonekana kwamba maandishi haya yamekuwa hodari wa kumfikisha mhalifu gerezani kuliko kueleza gereza linamfanya nini.

Yafaa kuanza na riwaya ya upelelezi ya Kiswahili. Tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla hufumbua mafumbo kwa akili na subira. Katika Simu ya Kifo (1965) ya Faraji Katalambulla, kazi hiyo inakuwa ya polisi wa mjini. Katika mapokeo haya, mhalifu akishajulikana hadithi imekwisha. Kifani hilo si kosa, kwani uhai wa riwaya ya namna hii umo katika fumbo, na fumbo likifumbuliwa hapana cha kusimulia. Kimaudhui, hata hivyo, athari yake ni kubwa. Msomaji huzoeshwa kuuona mlango wa gereza kuwa ndio mwisho wa uhalifu, kana kwamba aliyeingia humo hana siku ya kutoka.

Kiriamiti anatoa nafasi ya kulitazama jambo hilo kwa upande wa pili. My Life in Crime (1984) kiliandikwa, kwa Kiingereza, na mtu ambaye mwenyewe alikuwa jambazi wa mabenki. Alihukumiwa mwaka 1971 kifungo cha miaka 20, naye akiwa na umri wa miaka 20; akaachiwa mwaka 1984. Msimulizi wake, Jack Zollo, anaanza na uchopozi katika mitaa ya Nairobi na kupanda ngazi hadi kuvamia benki kwa silaha. Nguvu ya masimulizi imo katika kupanga, kupora na kukimbia, na lawama kwamba kitabu kinampamba mwizi haikosi msingi. Lakini msomaji makini huona jambo jingine. Kinachotawala mipango ya Zollo na wenzake ni kama watakamatwa au la: nani anawafuata, njia ipi iko wazi, nani atawasaliti. Idadi ya miaka iliyoandikwa katika sheria si kipimo cha uamuzi wao.

Hapa Kiswahili kina hoja yake ya kale. Methali husema siku za mwizi ni arubaini. Wengi huitumia kama kitisho tu, bila kuangalia kinachohesabiwa. Arubaini hiyo ni hesabu ya siku kabla ya kukamatwa, wala si ya miaka ya kufungwa. Uzito wa methali uko katika uhakika wa kunaswa. Adhabu yenyewe haikutajwa. Utafiti wa kisasa umefika karibu na hapo. Mwaka 2014 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilihitimisha kwamba kukirefusha kifungo ambacho tayari ni kirefu huongeza kidogo tu hofu ya kutenda kosa.

Sheria ya Kenya ilifuata njia nyingine. Mwaka huohuo wa 1971 adhabu ya wizi wa mabavu wa kutumia silaha ilifanywa kuwa kifo. Hakuna aliyenyongwa nchini tangu 1987, na mwaka 2009 Rais Mwai Kibaki aliwabadilishia zaidi ya watu 4,000 hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Hayo hayathibitishi kwamba adhabu kali haina athari yoyote, kwa kuwa hakuna awezaye kuiona Nairobi ambayo sheria hiyo haikuwako. Yanaonyesha lakini kwamba ukali uliokithiri haukuuondoa ujambazi mjini.

Ni haki kuwasikiliza wanaotetea vifungo virefu, maana hawakosi ushahidi. Tume ya Hukumu ya Marekani iliwafuatilia kwa miaka minane wafungwa wa serikali ya shirikisho walioachiwa mwaka 2005. Katika taarifa yake ya 2020 ilieleza kwamba waliokaa zaidi ya miezi 120 walikuwa na uwezekano wa kurudia kosa uliopungua kwa kama asilimia 30, wakilinganishwa na wenzao wa vifungo vifupi zaidi. Kwa waliokaa miezi 60 au pungufu, urefu haukuleta tofauti ya maana. Ushahidi huu hauwezi kupuuzwa. Pamoja na hayo, tume hiyohiyo ilionyesha mwaka 2017 nguvu ya umri: kati ya walioachiwa wakiwa chini ya miaka 21, asilimia 67.6 walikamatwa tena. Kati ya wenye miaka 65 na zaidi, ni asilimia 13.4 tu.

Takwimu hizo zinampa mhakiki swali la kumwuliza Kiriamiti. Aliingia gerezani kijana wa miaka 20, akatoka mtu mzima wa miaka 34 mwenye kitabu. Je, kilichombadilisha ni urefu wa kifungo, ni umri, au ni kalamu? Kitabu cha kwanza hakijibu, kwa sababu somo lake ni uhalifu. Maisha ya gerezani yalingoja My Life in Prison, kilichotoka mwaka 2004. Wasomaji wengi wanamjua Zollo wa bunduki; Zollo wa selo alichelewa miaka 20 kuwafikia. Hii ndiyo kasoro kubwa ya mapokezi ya kazi hizi, kwamba mabadiliko ya mtu yamesifiwa kabla ya kuchunguzwa. Wala mfano wa mtu mmoja hautoshi kuwa kanuni kwa upande wowote wa mjadala.

Sauti ya Dhiki (1973) ya Abdilatif Abdalla inasaidia kulitenga swali hilo. Mwandishi wake hakuwa mhalifu wa bunduki. Alifungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa ajili ya andiko la kisiasa, Kenya: Twendapi? Shairi lake la «Siwati» ni tamko la mfungwa asiyekubali kuuacha msimamo wake. Mwenye msimamo na mwenye mazoea ya kupora si sawa, na kuwalinganisha kimaadili kungekuwa dhuluma. Hata hivyo diwani hii inadokeza jambo linalowahusu wote wawili: dola ina mamlaka juu ya muda wa mfungwa, lakini nia yake haigeuki kwa kupita kwa siku peke yake.

Lugha yenyewe inashuhudia pengo hili. Kiswahili kina mfungwa, kifungo na mfungaji. Aliyetoka gerezani hana jina lake mwenyewe, bali huelezwa kwa yale yaliyopita: aliyekuwa mfungwa. Riwaya ya Kiswahili nayo imemwacha hapo. Swali la kama kifungo kirefu hupunguza kurudia kosa hujibiwa katika miezi ya kwanza baada ya lango kufunguliwa: nani anampokea, kazi gani anapewa, bunduki iliyofichwa bado iko wapi. Riwaya itakayoanzia langoni hapo, kwa Kiswahili cha Mathare au cha Majengo, itakuwa imeongeza katika mjadala huu ushahidi ambao takwimu hazina, na ambao hadi sasa umetafutwa katika Kiingereza cha Kiriamiti peke yake.